Deni la Gitaa

Mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa tatu chuoni, alikuja kukaa kwangu wiki mbili za likizo, na kama ilivyo ada yake alikuja na muziki. Safari hii ilikuwa albamu ya Geese, bendi ya vijana wa Brooklyn, New York, iitwayo Getting Killed, iliyotoka Septemba 2025. Aliiunganisha simu yake na spika ya sebuleni bila kuomba ruhusa, akakaa pembeni akinitazama usoni. Nilisikiliza nyimbo tatu. Kisha nikafanya kosa la watu wa umri wangu: nikaanza kutaja majina. Hapa nawasikia Television, nikasema. Pale gitaa linapokwaruza ni Rolling Stones wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na huyo mwimbaji anayeburuta maneno kama mtu aliyeamshwa usiku, ameyapata wapi kama si kwa Lou Reed?

Mpwa wangu akazima spika.

"Mjomba," akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kukasirika, "kwani hakuna kitu duniani ambacho wazee wenu hawakukifanya kwanza?"

Wanaonisoma kwa ajili ya bajeti, katiba na mambo ya serikali za mitaa wanivumilie leo. Nitazungumzia magitaa, na baadaye nitafika kwenye jambo linalonihusu mimi mwenyewe, ambalo nimelikwepa kwa miaka mingi.

Roki ninayoikusudia ni ile iliyozoea kutolewa na lebo ndogo zisizomilikiwa na makampuni makubwa, ndiyo maana Waingereza wakaiita indie, yaani ya kujitegemea. Sisi tuliolelewa na siasa ya Ujamaa na Kujitegemea tungeweza kuwadai neno hilo, lakini tuliache. Niliijua kwa bahati. Mwaka 1991 nilikwenda Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kusoma shahada ya uzamili, na chini ya chumba nilichopanga palikuwa na duka la santuri zilizokwisha kutumika. Mwenye duka aliponiuliza ninasoma nini, nikamjibu historia ya uchumi, akainama chini ya meza akanitolea santuri ya Gang of Four, Entertainment!, ya mwaka 1979. Hawa walikuwa wanafunzi wa hapa hapa, akaniambia, na wanaimba mambo unayoyasoma.

Alisema kweli. Gitaa la Andy Gill halikutiririka kama nilivyozoea kwa magitaa ya nyumbani. Lilikata, kama mtu anayekata bati kwa mkasi, likanyamaza, likakata tena. Juu yake watu waliimba habari za bidhaa, kazi, starehe inayouzwa na mapenzi yanayogeuka kuwa biashara. Mimi mtoto wa shule za Azimio la Arusha sikuhitaji mkalimani.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa maneno ya mwenye duka. Kila nilipoipenda santuri alinionyesha mzazi wake. Gill, akasema, alimsikiliza sana Wilko Johnson wa Dr. Feelgood, yule aliyepiga gitaa kwa mkono mtupu bila kipiga nyuzi. Naye Wilko hakuficha kwamba alijifunza kwa kumwiga Mick Green wa bendi ya Johnny Kidd and the Pirates. Na ukimya ule katikati ya mapigo, usiusahau, ulitoka kwa Wajamaika waliokuwa wakifuta vyombo katika rekodi za rege na kuacha besi na mwangwi. Nikawa najiambia: hii ni silsila. Ndivyo wanavyuoni wa pwani wanavyofanya, anayesomesha kitabu humtaja aliyemsomesha, na aliyemsomesha yule aliyemsomesha, hadi mlolongo ufike kwa mwandishi, na asiye na mlolongo hana kitabu hata akikihifadhi chote.

Muziki huu umeigeuza desturi hiyo kuwa sehemu ya starehe yake. Fontaines D.C. wa Dublin walipotoa Dogrel mwaka 2019, wahakiki wengi walizitaja The Fall na Joy Division kabla ya kuzitaja nyimbo zenyewe. Wet Leg, bendi iliyoanzishwa na wanawake wawili wa Kisiwa cha Wight, walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 2022 walihesabiwa shangazi zao wote wa muziki, jambo ambalo halikuwazuia kuchukua tuzo mbili za Grammy mwaka uliofuata. Wakati mwingine deni hubandikwa mlangoni kabisa. Rolling Stones walichukua jina lao katika wimbo wa Muddy Waters. Radiohead walilichukua lao katika wimbo wa Talking Heads. Na kabla hatujawacheka, Morogoro mwaka 1948 ilianzishwa bendi iliyoitwa Cuban Marimba, bila hata mwanachama mmoja kuwa na pasipoti ya Kuba, ambayo Salum Abdallah aliifanya iimbwe kote nchini. Na miji yetu ikajaa bendi zilizojiita Jazz ambazo hazikupiga jazi hata siku ya mvua. Hakuna aliyeona haya. Jina lilikuwa stakabadhi: tumekopa kule.

Kwa hiyo nilimjibu mpwa wangu kwamba kutaja wazee si kumdharau kijana. Nikampa kisa cha The Strokes, ambao mwaka 2001 walitoa Last Nite, wimbo unaoanza karibu sawa na American Girl wa Tom Petty. Wenyewe walikiri. Petty alipoulizwa alisema kwamba kukiri kwao kulimchekesha, wala hakwenda mahakamani. Nikampa na cha Elvis Costello: mwaka 2021 watu walipopiga kelele kwamba gitaa katika wimbo Brutal wa Olivia Rodrigo limetoka katika Pump It Up, Costello alisema kwake si tatizo, ndivyo muziki huu unavyokwenda, kisha akaonyesha kwamba wimbo wake mwenyewe ulipita kwa Bob Dylan, na wa Dylan ulipita kwa Chuck Berry. Huyo ni mtu aliyedaiwa kuibiwa ambaye alisimama akataja wakopeshaji wake. Sijui mawaziri wangapi wangeweza.

"Basi hakuna kesi," akasema mpwa wangu.

Kesi zipo. Elastica mwaka 1995 walilazimika kumalizana na Wire na The Stranglers nje ya mahakama. Radiohead waliwaongeza Albert Hammond na Mike Hazlewood katika utunzi wa Creep kwa sababu ya wimbo wao wa zamani. Kwa kawaida sheria ya hakimiliki hulinda maneno na melodia. Mdundo, mlio wa gitaa na namna ya kupiga havina mwenyewe mbele ya hakimu, ingawa hukumu ya mwaka 2015 iliyowapa ushindi warithi wa Marvin Gaye iliutikisa mpaka huo, na tangu hapo wanamuziki wengi huona heri kugawana majina ya utunzi mapema kuliko kusubiri barua ya wakili.

Kisa ambacho humsimulia kila mwanafunzi anayeniambia kwamba umiliki ni jambo rahisi ni cha The Verve, bendi ya mji wa Wigan. Mwaka 1965 Rolling Stones walitoa The Last Time. Meneja wao, Andrew Oldham, akatengeneza toleo la okestra la wimbo huo, na fidla zake zikapangwa na mtu aitwaye David Whitaker. Mwaka 1997 The Verve wakachukua kipande cha rekodi ile ya okestra, wakajenga juu yake Bitter Sweet Symphony, wimbo uliosikika hadi katika daladala za Dar es Salaam. Walikuwa na ruhusa ya kutumia rekodi. Hawakuwa na ruhusa ya kutumia utunzi, na haki za utunzi zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Allen Klein, meneja mwingine wa zamani wa Stones. Mwisho wa mvutano, Richard Ashcroft aliyeandika maneno yote ya wimbo aliachia mirabaha, na utunzi ukaandikwa kwa majina ya Mick Jagger na Keith Richards. Ilichukua hadi Mei 2019 Ashcroft kutangaza kwamba wazee hao wawili wamemwachia haki zao.

Magazeti yalisherehekea, nami nilifurahi. Lakini fuata mlolongo kinyumenyume. Fidla zile ambazo kila mtu anazijua hazikupangwa na Jagger wala Richards. Ni za Whitaker, ambaye alikwisha kufariki mwaka 2012, na ambaye ukimtaja jina lake leo watu watauliza ni nani. Na The Last Time wenyewe, kama Richards alivyokiri, ulitokana na wimbo wa injili wa The Staple Singers, familia ya Wamarekani weusi wa Chicago waliourekodi katika miaka ya 1950. Nao waliukuta kanisani, ulikoimbwa na watu ambao hakuna aliyewauliza majina. Katika safari hiyo yote, waliolipana na waliorudishiana ni wale waliokuwa na mawakili. Wengine walibaki kuwa chanzo.

Neno hilo, chanzo, lishike msomaji, nitalirudia.

Mwaka 2008 vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, wakijiita Vampire Weekend, walitoa albamu yao ya kwanza. Mojawapo ya nyimbo zake inaitwa Cape Cod Kwassa Kwassa. Kwasa kwasa! Dansi ambayo sisi tuliicheza mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi soli zikaachia, kwa Kanda Bongo Man na Pepe Kalle, sasa imeolewa na ufuko wa matajiri wa Massachusetts. Sikuchukia. Gitaa lao lilikuwa safi, jembamba, linarukaruka, na nilipolisikia mara ya kwanza nilihisi kama mtu aliyekutana na shati lake mjini limevaliwa na mgeni, tena limempendeza. Kilichonisumbua kilikuwa maandishi ya wahakiki. Walipotafuta wa kumtaja, wengi walimtaja Paul Simon na albamu yake Graceland ya mwaka 1986. Yaani mkopaji wa kwanza ndiye aliyeandikwa kuwa mkopeshaji. Waliojitahidi kwenda mbali zaidi waliandika "magitaa ya Kiafrika".

Hapa ndipo hoja yangu ya darasani ilipozaliwa, na nimeihubiri kwa miaka mingi kwa raha kubwa. Kwa mababu wa roki walio Marekani na Ulaya, wahakiki hutaja mtu, mtaa na klabu. CBGB, ukumbi wa New York walikoanzia Television, wanaujua hadi harufu ya choo chake. Kwa mababu wa huku hutaja bara.

Na si kwamba majina hayapo. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Jean-Bosco Mwenda akipiga Masanga. Gitaa kavu, kidole gumba na cha shahada tu, na ukisikiliza utaapa wako wapigaji wawili. Aliimba kwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga, ambacho mtu wa Unguja angetaka kukisahihisha kabla hajaanza kukicheza. Mtaalamu David Rycroft alizichambua rekodi zake noti kwa noti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaani katika tamasha la Newport, Marekani. Mpiga gitaa John Low alisafiri hadi Shaba kwenda kukaa miguuni pake na akaandika kitabu cha safari hiyo, Shaba Diary. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari. Sisemi vijana wa Columbia walimsikiliza yeye. Magitaa ya umeme ya Kinshasa yana ukoo mwingine na ninajua tofauti hiyo. Nasema tu kwamba aliyetaka jina alikuwa na pa kuanzia, na lugha ya kuanzia ni hii unayoisoma.

Siku hizi wapo wanaokataa kuitwa bara. Mdou Moctar wa Niger, Mtuareg aliyejitengenezea gitaa lake la kwanza kwa mbao na nyaya za breki za baiskeli, leo anatoa albamu zake kupitia Matador, lebo ileile iliyowatoa Pavement na Interpol. Ukimwuliza alijifunza kwa nani, hutaja jina: Abdallah Oumbadougou. Pia humtaja Eddie Van Halen. Mlolongo wake una pande mbili na hakuna upande unaomwonea aibu mwenzake.

Yote haya nilimweleza mpwa wangu, nikisaidiwa na chai ya tangawizi na kupendezwa na sauti yangu mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia chumbani, akarudi na karatasi zilizobanwa kwa pini. Ilikuwa makala yangu ya mwaka 1998. Wameipangiwa katika somo lao la utamaduni na jamii, akasema, na alikuwa akitaka kuniuliza jambo tangu alipofika.

"Hapa ukurasa wa tatu, mjomba. Umeandika 'Msimulizi wa 4'. Ni nani?"

Naomba nieleze makala ile inasema nini, kwa maana bila hivyo hutaona uzito wa swali. Ndiyo makala iliyonipa jina. Hoja yake ni kwamba mtindo mpya wa muziki hauzaliwi na ubunifu mtupu wala na kuiga kwa ufanisi. Huzaliwa na kuiga kulikoshindikana. Vijana wa Afrika Mashariki na Kongo walizisikiliza santuri za Kuba wakataka kuzipiga kopi. Piano hawakuwa nayo, kwa hiyo kazi ya piano wakaipa gitaa. Gitaa moja halikuweza kubeba yote, wakaigawa kwa magitaa mawili, solo na rithim, nayo yakaanza kujibizana. Walipodhani wanapiga Kuba, kumbe walikwisha kuiacha. Hoja hii nimeona wengine wakiitumia kuelezea hata roki: kwamba Rolling Stones walikuwa Waingereza walioshindwa kuwa watu wa Chicago, na kwamba Geese hao ni vijana wa karne hii walioshindwa, kwa bahati njema, kuwa Rolling Stones. Huiita hoja ya makosa, na huweka jina langu na mwaka kwenye mabano.

Mwaka 1996 nilikuwa Morogoro kukusanya habari za bendi za dansi. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyepiga rithim katika bendi ndogo ya hoteli ambayo haikuwahi kuitwa studio za redio. Nilikwenda kwake mara sita au saba. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakiweka kidole juu ya santuri ili iende polepole wapate kuyashika mapigo, na jinsi ambavyo kwa kuipunguza mwendo sauti nayo ilishuka, wakajifunza wimbo katika funguo isiyokuwa yake na wakaupiga hivyo miaka yote. Nikamwuliza, katika daftari langu la maswali yaliyopangwa, kama hilo halikuharibu muziki. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu.

"Tuliwaiga vibaya, mwanangu," akasema. "Ndipo tukawa sisi."

Hiyo ndiyo makala. Yote. Kurasa nyingine ni tanbihi.

Niliiandika kwa Kiingereza. Maneno ya mzee niliyatafsiri, nikayanyoosha, nikayavika msamiati wa nadharia uliokuwa ukivuma wakati ule, na kufikia rasimu ya tatu nilikuwa ninaamini kwa moyo safi kwamba ni yangu. Yeye nilimweka miongoni mwa wasimulizi 11, kwa namba, na nikamnukuu kuhusu santuri na kidole. Lile la kuiga vibaya nililipeleka kwenye hitimisho bila namba yoyote. Kama mtu angeniuliza, ningejibu kwamba maadili ya utafiti yanataka msimulizi afichwe jina. Ni kweli yanataka, kwa anayeweza kudhurika. Mzee yule angedhurika na nini? Hakuna aliyemwuliza kama anataka kufichwa. Na zile programu za kukagua wizi wa kitaaluma tunazowatisha nazo wanafunzi haziwezi kunikamata, kwa sababu alichosema mzee hakimo katika hifadhi yoyote isipokuwa kanda zangu tatu.

Kwa hiyo wahakiki wa New York waliandika bara, mimi niliandika namba. Nikapandishwa cheo.

Mpwa wangu sikumjibu usiku ule. Nilimwambia ni mtafiti kulinda vyanzo vyake, nikajisikia nikilitamka neno hilo, nikaenda kulala. Jumamosi tulipanda basi kwenda Morogoro pamoja.

Mzee alifariki mwaka 2009. Nilimkuta binti yake, muuguzi mstaafu, rika langu. Alinikumbuka kabla sijajitambulisha, akaniita Mwalimu, akamwita mpwa wangu baba, akatukaribisha ubwabwa na maharage kama vile tulikuwa tumeagana wiki iliyopita. Nilisema nilichokwenda kusema. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Aliisikiliza habari yote huku akitoa mawe katika mchele wa jioni, kisha akasema baba yake alikuwa akiuliza. Mwaka mzima wa mwanzo aliuliza, yule kijana wa chuo aliandika? Baadaye akaacha. Nami nilikuwa nimemwahidi nakala.

Nikamwambia ninataka kuandika habari zake sasa, jina lake kamili, bendi yake, nyumba alipoishi, watu wengi wasome.

"Hapana, dada yako nakuomba," akasema. "Si huko kwanza. Kalirudishe kule kule ulikolitoa. Likishakaa, ndipo uliseme popote."

Ndiyo sababu katika maandishi haya, yanayolalamikia majina yaliyofutwa, jina lake halimo. Nimemwandikia mhariri wa jarida lile, ambalo bado linachapishwa ingawa mhariri ni wa tatu tangu wakati ule, nikiomba marekebisho: Msimulizi wa 4 atajwe, na hoja kuu itambuliwe kuwa ni yake. Alijibu kwa adabu baada ya wiki mbili. Hawajawahi kupata ombi la namna hiyo kwa makala ya zamani kiasi hicho, na kabla ya kulifikisha kwenye bodi wanahitaji uthibitisho kwamba maneno yale yalisemwa na mtu ninayemtaja.

Uthibitisho ni zile kanda. Zilikuwa katika boksi la viatu juu ya kabati, na redio ya kuzisomea sikuwa nayo tena. Mpwa wangu aliipata Kariakoo kwa fundi anayetengeneza vitu vya zamani. Tuliketi sebuleni, pale pale palipoanzia ugomvi. Sauti ya kwanza kusikika ni yangu, kijana mwenye haraka, nikimkatiza mzee. Namkatiza mara ya pili. Mara ya tatu mzee ananyamaza, unasikika mbao wa kiti, halafu analichukua gitaa na kuanza kupiga anachotaka kunieleza, rithim tupu bila solo, na kila baada ya mzunguko kidole chake kinachelewa kidogo mahali palepale.

Mpwa wangu aliinuka kitini akasogea karibu na redio. "Hapo," akasema. "Rudisha, mjomba. Hapo alipochelewa."